Kidimbwi cha chumvi kikigeuka kijani: namna ya kukirejesha baada ya mvua na baridi

Mwezi Septemba ukifika, wenye hoteli, gesti, shule na nyumba zenye vidimbwi vya kuogelea, kuanzia Bungoma mjini, Webuye na Lugulu hadi Kitale, huanza kufunua vidimbwi vyao kujiandaa kwa likizo ndefu ya mwisho wa mwaka. Wengi hukutana na jambo lilelile. Maji waliyoyaacha maangavu mwezi Aprili yamekuwa kijani kama mrenda, sakafu haionekani na vyura wamehamia.

Huku kwetu hakuna theluji, lakini mvua ya masika na baridi ya Juni hadi Agosti hufanya kazi ileile inayofanywa na majira ya baridi katika nchi nyingine. Wageni hupungua, mwenye kidimbwi huzima pampu ili kupunguza bili ya stima, na kidimbwi husahauliwa. Miaka ya karibuni baadhi ya watu wameweka vidimbwi vya chumvi wakiamini kwamba havihitaji kutunzwa sana. Makala haya yanaeleza kinachotokea humo, namna ya kuyasafisha maji, na jambo ambalo majirani wa kidimbwi wanapaswa kulijali zaidi ya wote: maji hayo yakimwagwa, yanaelekea wapi?

Chumvi haiui mwani

Tuanze na dhana inayoleta hasara nyingi. Kidimbwi cha chumvi bado ni kidimbwi cha klorini. Tofauti ni kwamba klorini yake hutengenezwa papo hapo. Maji yenye chumvi hupitishwa kwenye kifaa chenye mabamba ya chuma, umeme unapita kati ya mabamba hayo, na sehemu ya chumvi hugeuka kuwa klorini. Klorini ikishaua vijidudu hurudi kuwa chumvi, na mzunguko unaanza tena. Wazee wa Webuye hawatashangazwa na habari hii. Enzi za kiwanda cha karatasi cha Pan Paper, kilichoanza kazi katika miaka ya 1970 na kufungwa mwaka 2009, mji huo ulikuwa na kiwanda cha kemikali kilichotenganisha chumvi kwa umeme kupata klorini na soda kali. Kifaa cha kidimbwini kinafanya kazi hiyohiyo kwa udogo.

Chumvi yenyewe si nyingi kiasi cha kuua chochote. Vifaa vingi huhitaji kilo 3 hadi 4 kwa kila lita 1,000 za maji, wakati bahari ya Mombasa ina takriban kilo 35. Ukizima umeme, ulichobaki nacho ni maji yenye ladha ya chumvi kidogo, na mwani huishi humo bila taabu.

Sasa fikiria yaliyotokea tangu Aprili. Klorini iliyokuwemo iliisha ndani ya siku chache. Mvua ikaleta majani ya mikalitusi, vumbi na udongo. Mahali ambapo shamba la mahindi au miwa liko upande wa juu wa kidimbwi, maji ya mvua huteremka na mabaki ya mbolea ya DAP na CAN. Mwani hula kilekile kinacholiwa na mahindi, yaani naitrojeni na fosforasi, kwa hiyo mbolea iliyokusudiwa shamba imestawisha kidimbwi. Ongeza jua la mchana na maji yaliyotulia, na kazi imekamilika.

Mvua ilifanya jambo jingine lisiloonekana. Chukua kidimbwi cha urefu wa mita 10, upana wa mita 4 na kina cha wastani cha mita 1.25. Hicho kina lita 50,000, na kikiwekwa kilo 3.5 za chumvi kwa kila lita 1,000, kina kilo 175 za chumvi kwa jumla. Tuseme kilikuwa kimejaa, kisha zikanyesha milimita 400 za mvua. Lita 16,000 za maji ya mvua zimeingia na kiasi kama hicho kimefurika nje. Kama maji yalichanganyika vizuri, zaidi ya robo ya chumvi imeondoka nayo, karibu gunia zima la kilo 50. Ndiyo maana kifaa kikiwashwa Septemba kinaonyesha taa ya kukosa chumvi, na mwenyewe anadhani kimeharibika.

Baridi nayo ina mchango wake. Vifaa hivi hutengeneza klorini kidogo maji yanapokuwa baridi, na baadhi hujizima kabisa maji yakishuka chini ya nyuzi joto 15 hivi. Kwa kidimbwi kilicho kivulini upande wa Kitale, ambako usiku wa Julai unahitaji blanketi mbili, hilo linafaa kukumbukwa kabla ya kumwita fundi.

Kwanza, asiingie mtu

Kabla ya kununua dawa yoyote, funga kidimbwi. Maji ya kijani huficha mtu. Mtoto akizama katika maji maangavu huonekana. Akizama katika maji ya kijani, aliye ukingoni hatamwona hata akiwa kina cha mita moja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kanuni ni rahisi kuikumbuka. Kama huoni tundu la kutolea maji lililo sehemu yenye kina kirefu zaidi, hakuna anayeingia, awe mgeni, mwanafunzi au fundi. Anayesafisha asimame nje na kutumia brashi ya mpini mrefu. Ua uwe na lango linalofungwa, na turubai lililolegea juu ya maji lisihesabiwe kuwa ni kinga, kwani mtoto akilikanyaga humzingira.

Turubai hilohilo ni kiwanda cha mbu. Madimbwi madogo ya maji ya mvua yanayokaa juu yake, yenye jua na mwani kidogo, ndiyo hasa yanayopendwa na mbu wa malaria, na yai huchukua wiki moja hadi mbili kuwa mbu anayeruka. Bungoma iko katika ukanda wa ziwa ambako malaria ipo mwaka mzima. Chini ya Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, mwenye kiwanja ana wajibu wa kuondoa mazalio ya mbu, na afisa wa afya ya umma ana mamlaka ya kumwandikia notisi.

Ni kijani cha aina gani?

Chota maji kwa ndoo nyeupe uyatazame. Kama ni mazito, yenye ukungu na utelezi, huo ni mwani. Kama ni maangavu lakini yana rangi, huenda ni madini, hasa kwa wanaojaza kwa maji ya kisima. Weka klorini kidogo ndani ya ndoo. Rangi ikififia ni mwani, na maji yakigeuka rangi ya chai ni chuma. Chuma hakiondolewi kwa kuongeza klorini, na anayejaribu hivyo ataishia na sakafu yenye madoa ya kutu.

Baada ya hapo ondoa uchafu kwa wavu. Majani, matawi, vyura, vyote vitoke kwanza. Hatua hii huchosha na haina sifa, ndiyo maana watu huiruka, lakini klorini haichagui. Ikikuta majani itaishia kwenye majani, na utanunua dawa mara mbili.

Kisha pima pH, yaani kiwango cha uchachu wa maji. Vifaa vya kupimia kwa matone au karatasi hupatikana kwa wauzaji wa dawa za vidimbwi. Lenga kati ya 7.2 na 7.6. Mwani unapokua mchana hupandisha pH, na ikivuka 8 klorini hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Kuishusha hutumika tindikali ya kidimbwi, na kuipandisha hutumika magadi, yaleyale yanayochimbwa katika Ziwa Magadi. Usiruke kipimo hiki.

Usiku wa klorini

Hapa wengi hukosea kwa kuwasha kifaa cha chumvi na kusubiri. Kifaa hicho kimeundwa kutunza maji safi. Kuyaokoa yaliyoharibika hakiwezi. Katika mfano wetu wa lita 50,000, kuua mwani kunahitaji angalau miligramu 10 za klorini kwa kila lita, yaani gramu 500 kwa mkupuo mmoja. Kifaa kinachotoa gramu 20 kwa saa kitatoa gramu 160 kikiendeshwa saa nane, na mwani utazila zote kadiri zinavyotoka. Kizime, kwa sababu kwenye maji machafu kinajichosha bure.

Tumia klorini ya unga, ile yenye nguvu ya asilimia 65. Kwa kidimbwi chetu gramu 500 za klorini halisi ni kama gramu 770 za unga huo, na kama sakafu haionekani kabisa, fanya mara mbili ya hapo. Yeyusha kwenye ndoo ya maji safi, kidogo kidogo, kisha umwage kuzunguka ukingo wote pampu ikiwa inafanya kazi. Fanya hivyo jua likishazama. Klorini isiyo na kinga huharibiwa na mwanga wa jua, na saa chache za mchana zinaweza kumaliza sehemu kubwa ya ulichomwaga asubuhi.

Usiku huo pampu isizimwe. Sugua kuta, ngazi na pembe kwa brashi, maana mwani hujishika kwenye utelezi wake na klorini haifiki chini yake. Kufikia asubuhi maji huwa yamebadilika kutoka kijani kuwa kijivu au meupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Huo ni mwani uliokufa. Wapo wanaoona weupe huo wakadhani wameharibu, wakaongeza dawa nyingine juu yake. Subiri kwanza. Hapo kazi imehamia kwa chujio.

Namna ya kujua kama mwani umekufa kweli ni kupima klorini usiku baada ya giza, kisha kupima tena alfajiri kabla ya jua. Kama imepungua kwa zaidi ya miligramu 1 kwa lita, kuna kitu bado kinaila, na kazi inarudiwa jioni. Kidimbwi kilichoachwa tangu Aprili kwa kawaida huhitaji siku tatu hadi wiki. Anayekuahidi kukifanya kiangavu kwa siku moja, muulize anatumia nini.

Chujio la mchanga litaziba haraka. Tazama geji yake, na shinikizo likipanda kama paundi 8 hadi 10 juu ya kawaida ya chujio safi, lioshe kwa kugeuza mkondo. Mwani uliokufa ukikataa kunaswa, shabu husaidia. Hii ni shabu ileile inayotumika katika mitambo ya kusafisha maji ya mito. Hukusanya chembechembe ndogo zikawa nzito na kuzama. Zima pampu usiku, acha zitulie, kisha asubuhi zinyonye kutoka sakafuni moja kwa moja hadi nje bila kuzipitisha kwenye chujio.

Dawa zisizochanganywa

Kila mwenye kidimbwi huja kuwa na stoo yenye ndoo tatu au nne za dawa, na mara nyingi lebo zimeshafutika. Hatari iko hapo. Klorini ikikutana na tindikali hutoa gesi inayochoma mapafu, na mtu akiwa ndani ya stoo isiyo na dirisha hapati nafasi ya kukimbia. Klorini ya unga ikichanganywa na ile ya vidonge inaweza kuwaka moto au kulipuka, ingawa zote huitwa klorini. Kila dawa iwe na kikombe chake kikavu na rafu yake. Daima tia dawa ndani ya maji, kamwe usimwage maji juu ya dawa. Vaa glavu, miwani na gambuti, simama upande upepo unakotokea, na watoto wakae mbali. Gesi ikishatoka, ondoka eneo hilo kwanza, na aliyeivuta apelekwe hospitalini hata kama anasema amepata nafuu.

Dawa zinaweza pia kuuana zenyewe. Katika Olimpiki ya Rio de Janeiro, Agosti 2016, kidimbwi cha kupiga mbizi kiligeuka kijani mbele ya kamera za dunia nzima. Waandaaji walieleza baadaye kwamba lita 80 za haidrojeni peroksaidi zilikuwa zimetiwa majini, zikaimaliza nguvu klorini iliyokuwemo, na mwani ukapata nafasi. Maji ya kidimbwi cha jirani yake, karibu lita milioni 4, yalibidi kubadilishwa kabla ya mashindano. Ikiwa mabingwa wa Olimpiki walipatwa, fundi wetu asione haya kusoma lebo mara ya pili.

Magunia matatu na nusu ya chumvi

Wengine huchoka na kuamua kumwaga maji yote waanze upya. Kwa maoni yetu hiyo iwe hatua ya mwisho. Baada ya mvua nyingi ardhi imelowa, na maji yaliyo chini ya kidimbwi husukuma kuelekea juu. Kidimbwi kikiwa tupu hakina uzito wa kujibu msukumo huo, na sakafu inaweza kupasuka au kuinuka.

Kuna pia suala la jirani. Kidimbwi cha mfano wetu kina kilo 175 za chumvi kikiwa sawasawa, yaani magunia matatu na nusu. Hakuna ambaye angebeba magunia hayo na kuyamwaga juu ya chemchemi wanakochota majirani, wala kwenye nduma za mtu bondeni. Kuachia maji yateremke usiku ni kitendo hichohicho. Maharagwe ni miongoni mwa mazao yanayoumizwa haraka na chumvi, na udongo ulioingia chumvi hausafiki kwa msimu mmoja. Klorini nayo huua samaki kwa kiasi kidogo sana, na tangu mpango wa serikali wa mwaka 2009 wa kuchimba mabwawa ya samaki, wakazi wengi wa eneo hili wana mabwawa kwenye mabonde yaleyale. (Kijani hicho unachokipiga vita ndicho mfugaji wa ngege anachokitafuta. Yeye huweka samadi bwawani kusudi mwani uote na samaki wale. Lakini usihamishie samaki kwenye kidimbwi kilichotiwa klorini ukidhani umepata njia ya mkato.)

Maji yakilazimika kutoka, acha klorini iishe kwanza. Zima kifaa, acha jua lifanye kazi siku kadhaa, na pima hadi ufikie sifuri. Chumvi haitaisha kwa kusubiri, kwa hiyo palipo na mtaro wa maji taka, kama mijini Webuye na Bungoma, omba idhini ya kampuni ya maji ya Nzoia kabla ya kuyaelekeza huko. Pasipo na mtaro, tumia gari la kunyonya maji taka. Maji ya kuoshea chujio yafuate njia hiyohiyo, kwani nayo yana chumvi. Kuyaelekeza mtoni au kwenye mfereji unaoishia mto Nzoia ni uchafuzi unaokatazwa na Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, na NEMA inaweza kukushtaki. Jirani ambaye maji yake ya chemchemi yameanza kuwa na ladha ya chumvi ana haki ya kutoa taarifa kwa afisa wa afya ya umma wa wadi yake bila kungoja idhini ya mtu yeyote.

Kufungua tena

Maji yakiwa maangavu, ndipo urudi kwenye kifaa cha chumvi. Kifungue utazame mabamba. Kama yana ukoko mweupe wa chokaa, yaloweke kwenye siki au tindikali iliyozimuliwa vizuri kwa maji. Usiyakwangue kwa kisu wala brashi ya chuma, maana tabaka lake jembamba likitoka, kifaa kimekwisha. Pima chumvi kwa kipimo na si kwa ulimi, ongeza iliyopungua, acha pampu iizungushe siku nzima, halafu washa kifaa. Katika mfano wetu ulikuwa karibu kumwaga magunia manne bila kupima, kumbe linalohitajika ni moja.

Kabla ya mtu wa kwanza kuingia, klorini iwe imeshuka hadi miligramu 1 hadi 3 kwa lita, pH iwe kati ya 7.2 na 7.8, na tundu la sakafuni lionekane wazi kutoka ukingoni. Hoteli na shule ziandike vipimo hivyo kwenye daftari kila siku pamoja na saa vilipochukuliwa. Afisa wa afya ya umma akija kukagua, daftari hilo ndilo atakalouliza kwanza. Aliyeharisha asiogelee hadi apone kabisa, kwani vimelea vingine huvumilia klorini kwa siku nyingi.

Na mwaka ujao, msimu wa wageni wachache ukirudi, usizime pampu moja kwa moja. Saa chache kila siku pamoja na klorini kidogo kila wiki, na mtaro mfupi upande wa juu wa kuzuia maji ya shambani yasiingie, vitagharimu chini ya dawa, chumvi na siku za fundi ulizolipia Septemba hii.